Kitambaa Chekundu Shingoni mwa Mondo

Nilimkuta kwenye mtaro wa njia ya malori, kule Wazo ninakopondea kokoto. Mama yake alikuwa barabarani, kagongwa, tumbo limeshafura. Mtoto mwenyewe mdogo, anaenea kwenye kiganja, madoa meusi mgongoni, masikio makubwa kuliko uso. Mondo, paka wa porini. Kwetu Sumbawanga nilikuwaga nawaona mashambani, wanakamata panya, hawana shida na mtu.

Nikamfunga kwenye kanga nikaenda naye nyumbani. Mbwa wangu jike alikuwa ananyonyesha watoto wawili. Nikamkamua maziwa kidogo, nikampaka mondo mwili mzima, nikamsogeza tumboni kwake. Jike akanusa, akapiga chafya, akaanza kumlamba.

Akakua kwa tabia za mbwa. Ugali na dagaa anakula nao sinia moja. Mgeni akipiga hodi, mbwa wanakimbilia kumnusa miguu, na yeye nyuma yao. Hilo ndilo lililomponza. Mnyama wa porini anatakiwa amwogope mtu, mie sikumfundisha. Na watu wa maliasili nilichelewa kuwapigia simu. Kosa langu, nalisema.

Kosa la pili nililifanya kwa kushauriwa. Mpangaji mwenzangu, mama mmoja tunayetumia naye ua, aliniambia, "Mvalishe kitu shingoni, dada, watu wajue ana mwenyewe, wasije wakamuua." Nilichokuwa nacho ni kipande cha gauni langu la kwaya lililochanika. Chekundu. Nikamfunga, nikaenda zangu kazini. Mtu wa Sumbawanga, ambako watu husema ndiko kwa wachawi, macho yameiva kwa vumbi la mawe, nina mnyama wa madoa kavaa kitambaa chekundu. Sikufikiria.

Wa kwanza kupiga kelele ni mama wa genge. Majina siandiki, ila wanajijua. Kuku wake walikuwa wanakufa kwa kideri, na kuku wa mtaa mzima walikuwa wanakufa, lakini wa kwake wakawa wamerogwa.

"Jamani, mmeona lilichovalishwa lile lipaka? Si mambo ya kwao hayo!"

Nikakifungua kitambaa siku ile ile. Wakasema naficha ushahidi.

Nikaenda kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi. "Baba, naomba uwatulize watu. Maliasili nimeshawapigia, wanakuja Jumatatu kumchukua."

"Mama wa Sumbawanga," akasema, "mpaka Jumatatu si utakuwa umeshatumaliza?" Waliokaa naye barazani wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Halafu akaniambia niende tu, ataongea nao.

Jumamosi mchana ndiyo wakaja. Mjumbe mbele na fimbo, mama wa genge, wanaume watatu na mapanga. Geti alilifungua mpangaji mwenzangu, yule yule wa ushauri. Mbwa walibweka, walipoona mapanga wakarudi nyuma. Mondo hakurudi. Alienda kuwapokea, mkia juu, akajisugua kwenye miguu ya mpangaji maana anamjua. Pale pale mjumbe akampiga fimbo ya mgongo. Nikajirusha kumfunika, jiwe likanipata jicho la kushoto. Wakanivuta kwa nguo, wakammalizia. Jicho lile mpaka leo linaona ukungu.

Bwana maliasili alikuja Jumatatu kama alivyosema. Akatazama pale nilipomfukia. "Pole, mama," akasema, akapakia kizimba chake kitupu. Mbwa jike siku nne alikuwa anapafukua, mie nafukia, anafukua tena, mpaka nikaweka mawe.

Kuku wa mama wa genge waliendelea kufa hadi wakaisha. Hakuna aliyekuja kusema neno. Mpangaji alihamia Mwenge bila kuniaga. Mjumbe bado tunakutana bombani. "Mama, yale si yalishaisha?" ananiambia, anatabasamu. Mie najitwisha ndoo yangu. Mtu mzima yule, umri wa baba yangu, lakini shikamoo yangu haipati tena.