Jino la Kahawia Nililoliomba

Harufu ya magadi yanapoingia kwenye maharage yanayochemka, hiyo hata nikiwa na mafua naijua. Ni kama udongo uliolowa mvua ya kwanza, ukachanganywa na sabuni kidogo, halafu inakukwaruza puani. Mama aliyaweka kwenye kopo la bati juu ya kichanja cha jikoni, mabonge ya kijivu yenye chembe zinazometameta. Akishadondosha kipande kama ncha ya kidole, chungu kinapiga kelele, shwaaa, povu linapanda mpaka mdomoni, naye analipuliza lishuke. Kwetu Kiboriloni, pale pembeni mwa mji wa Moshi, kuni zilikuwa shida. Msitu uko mbali, huko juu mlimani. Sisi tulipikia vijiti vya mibuni na majani makavu ya migomba, vitu vinavyowaka puu na kuisha kabla hujageuka. Sasa maharage bila magadi utayapika mpaka lini? Ukitia magadi, muda si muda yamelainika, unaponda na ndizi, kiburu hicho, watoto wanakula wanashiba. Kila mama pale mtaani alikuwa na kopo lake. Mtoto akianza tu kula, cha kwanza alicholishwa ni rojo ya kiburu hicho hicho. Mimi ile harufu niliipenda, na mpaka leo naipenda, jamani, siwezi kuwadanganya.

Basi nyumba yetu nzima ilikuwa na meno ya kahawia. Si uchafu, hapana, mswaki wa mti tulipiga kila asubuhi, na mama alitukagua mdomoni kabla ya kwenda kanisani kama anakagua mahindi ya mbegu. Baba ya kahawia, mama ya kahawia, majirani hivyo hivyo. Dada yangu Martha, aliyenizidi miaka mitatu, meno yake ya ukubwani yalichomoza na mabaka kama chokaa, halafu taratibu yakaiva, kama ndizi zinavyoiva, yakawa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Hakuna aliyeona ajabu. Tulijua watu ndivyo walivyo, na wenye meno meupe ni watu wa kutoka mbali.

Mimi nilianza kung'oka meno ya utoto nikiwa na miaka saba, masika yale mvua ilipiga mpaka njia ya sokoni ikawa tope la magotini. Jino likitoka tulilirusha juu ya paa, tunamwambia mjusi achukue la zamani alete jipya. Watoto wengine waliomba jino zuri, jino kali la kutafuna muwa. Mimi nilisema kwa sauti, nyumba nzima ikasikia: "Mjusi, niletee la kahawia, kama la Martha!" Nilisubiri. Kila asubuhi natumbukiza ulimi kwenye lile pengo. Likaja, jamani. Likaja na mwenzake, na wa chini wawili. Meupe! Meupe kama maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Nikangoja yaive, wiki, mwezi, hayakuiva. Wageni wakija wanasema, "Ona mtoto huyu alivyojaliwa meno," na mimi nafumba mdomo kwa nguvu, machozi yananilenga.

Kwa nini nilie? Kwa sababu ya Martha. Martha alikuwa na mdomo, huyo, hata sasa anao. Tukigombea kipande cha ndizi alikuwa ananiambia, "Wewe si wa hapa. Wewe uliletwa. Siku uliyoletwa mimi nilikuona kwa macho yangu, ulikuwa umevaa gauni la kijani." Ndugu wote huambiana uliokotwa, hilo si jambo. Lakini wengine hawaambiwi rangi ya gauni! Sasa meno nayo yakaja kumuunga mkono. Akanivutia kwenye pipa la maji tutazame nyuso zetu mle ndani. "Haya, cheka." Nikacheka. "Unaona? Sisi wote hivi, wewe hivyo. Mwenyewe akija kukuchukua, uende tu, usitusumbue." Wenzangu, tangu siku hiyo kila mwanamke mgeni akipita njiani, mimi najificha nyuma ya ghala la mahindi. Nilijua kabisa kwamba amekuja kunichukua.

Nikaamua nitajitengenezea yangu. Ninyi mliokulia kwenye migomba mnaujua utomvu wake. Ukigusa nguo, nguo imekwenda, doa la kahawia mpaka nguo inachakaa. Nikasema hiyo ndiyo dawa. Jumapili baada ya kanisa, nikiwa bado na gauni langu jeupe la pekee, nikaingia shambani nyuma ya nyumba, nikakata shina changa kwa kisu cha mama, nikaupaka ule utomvu mbele, juu na chini. Unakakamaza, mdomo mzima unajikunja kama ngozi iliyoanikwa! Halafu nikalala chali juu ya majani, nimeachama, ili jua liukaushe. Nzi wanakuja wanatua, mimi sifumbi. Mate yananikaba, simezi. Nilikaa hivyo mpaka taya likauma. Nilipokwenda kwenye pipa kujitazama, Ruwa wangu, Mungu wangu, yalikuwa ya kahawia kweli! Nikarukaruka. Kufika chakula cha mchana, maji kidogo, uji kidogo, meno yale, meupe pee. Kilichobaki kahawia ni midomo, mikono na gauni la kanisani.

Mama aliliona gauni kwanza. Alikuja na fimbo kabisa, imeshainuliwa. "Ulikuwa unatafuta nini kwenye migomba na gauni la Bwana?" Nikamwambia ukweli, maana uongo sikuupata haraka: nilitaka meno ya hapa nyumbani ili mwenyewe asije kunichukua. Fimbo ikabaki hewani. Mama akauliza, polepole, "Mwenyewe nani?" Nikasema sijui, yule aliyenivalisha gauni la kijani. Mama akamtazama Martha. Martha, na mdomo wake wote, akatazama chini. Sikuchapwa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jumamosi iliyofuata mama akanishika mkono, tukapanda basi mpaka njia panda ya Himo, kutoka hapo tukaupanda mlima kwa miguu kwenda Marangu kwa mama mkubwa Salome, dada yake mama. Kule baridi, migomba imesongamana, mifereji inaimba kila upande, na msitu uko hapo juu tu. Jikoni kwake nilikuta magogo, magogo mazima yamepangwa ukutani mpaka juu, na maharage yanatokota polepole tangu asubuhi bila haraka ya mtu. Kuna kitu kilipungua mle ndani, nikanusa nikanusa, sikukijua ni nini. Watoto wa mama mkubwa walikuwa watatu, wakaja mbio kutuamkia, wakacheka. Nikaganda. Wote watatu, meno meupe pee. Kama yangu! Nikageuka nikamtazama mama, nikasema mbele ya watu wote, "Kumbe mimi ni wa huku."

Mama alikaa chini. Si kwenye kigoda, chini, kwenye majivu, na kitenge chake kizuri. Mama mkubwa akaacha mwiko. Akasema, "Mama Martha, mwambie mtoto. Usipomwambia wewe, namwambia mimi leo." Na kweli akasema yeye, maana mama sauti haikutoka. Nilizaliwa Kiboriloni na mama yangu huyo huyo. Kabla sijaota hata jino moja, mama akaugua kifua, akapelekwa hospitali ya mbali, hakuna aliyejua kama atarudi. Mama mkubwa akanibeba, akaninyonyesha pamoja na wa kwake, akanilea miaka mitatu na kitu. Mama alipopona akaja kunichukua. "Akaja na gauni la kijani kakushonea mwenyewe," mama mkubwa akasema, "nawe ukakimbilia nyuma ya sketi yangu, ukaniuliza, mama, huyu mgeni anataka nini?"

Hapo ndipo mama alipoongea. "Uliniita mgeni. Wiki mbili ulikaa mlangoni kwangu unalia urudishwe. Nilipoona umesahau, nikakataza mtu yeyote kukukumbusha. Niliogopa utataka kurudi." Kumbe muda wote ule mimi naogopa kuchukuliwa, na yeye anaogopa nitaondoka! Akainuka, akaenda kwenye ua, akachuma jani la sale. Kwetu Wachaga ukimkosea mtu vibaya unampelekea sale, naye akilipokea ugomvi umekwisha. Ni mambo ya watu wazima, ya mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo, na ya damu. Mama yangu akanipa mimi, mtoto wa miaka saba, kwa mikono miwili, amepiga magoti. Sikujua hata linashikwaje. Nililishika mpaka Kiboriloni, kwenye basi sikuthubutu kulishusha.

Nikaamini? Niliamini, ndiyo. Lakini moyo wa mtoto una mfuko wake wa siri. Yale meno yalibaki mdomoni mwangu, na hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini yafanane na ya Marangu. Mpaka siku moja, nina miaka kumi na moja, jino la chonge likachomoza na baka la chokaa. Nikalitazama kila siku. Likaiva! Kahawia! Likafuata la upande wa pili, yakafuata ya nyuma yake. Nilicheza mtaa mzima nimepanua midomo kwa vidole. Majirani wakasema mtoto wa Mama Martha amechanganyikiwa, anafurahia meno ya kahawia kama kapata ng'ombe. Mama alicheka mpaka akajifuta macho. Lakini bado ndani nikajiuliza: ya mbele meupe, ya pembeni kahawia, mimi ni nusu wa nani?

Miaka ikaenda. Mama alishalala kwenye kihamba chake. Juzi juzi hapa lile chonge langu la kulia likaanza kuuma, mjukuu wangu Neema akanipeleka kliniki mjini, na mwanawe mgongoni, kitukuu changu cha mwaka mmoja. Daktari binti mdogo, mpole, "Shikamoo bibi," akaniwashia taa mdomoni. Akatazama, akatazama tena. Akauliza, "Bibi, wewe ulihama ukiwa mtoto? Kama wa miaka mitatu, minne hivi?"

Nikafunga mdomo nusura nimng'ate. "Nani amekuambia?"

"Mimi sijasema kitu, bibi!" Neema akaruka.

"Ameniambia mdomo wako," daktari akasema. Akanieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Meno ya ukubwani hayaji siku yanapochomoza. Yanajengwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla, mtoto bado anatambaa. Ya mbele yanaanza, chonge na ya pembeni yanamalizika baadaye. Kwenye magadi kuna madini yanaitwa floraidi. Kidogo yanalisaidia jino, yakizidi wakati linajengwa, linajengeka vibaya, linatoka na chokaa, linaiva kahawia, na hilo haliondoki kwa mswaki wowote. Huko tambarare maji ya visima nayo huwa nayo mengi. Maji yetu ya mlimani hayana neno, ila chungu chetu kilikuwa na kopo. Nikamuuliza, "Kwa hiyo si damu?" Akasema, "Si damu, bibi, wala si ukoo. Ni chungu tu."

Nilikaa kwenye kile kiti, machozi yanatiririka mpaka masikioni. Mama mkubwa mwenye magogo yake hakuhitaji magadi, na meno ya mbele yakajengwa kwake. Kisha nikarudi kwa mama, na mwili wangu ukaendelea kujenga kwa alichonipa yeye. Ningejuaje? Wiki zile mbili ninalia mlangoni nirudishwe kwa mama mkubwa, ndani ya ufizi mimi tayari najengeka mtoto wa Kiboriloni. Daktari akadhani ananiumiza, akaongeza sindano, kisha akaling'oa lile chonge.

Kabla hatujaondoka akamtazama kitukuu. "Huyu anakula nini?" Nikajibu kwa kujivuna, kiburu, nampikia mwenyewe, kopo la mama bado ninalo. Kisha nikasikia nilichosema. Daktari akasema taratibu, "Bibi, meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi." Nikautazama ule ufizi wa waridi, meno mawili tu kama punje za mchele. Ndani mle fundi yuko kazini na mimi ndiye ninayemletea udongo!

Sasa maharage nayaloweka tangu jioni, asubuhi yanakwenda kwenye gesi ya Neema, yanaiva vizuri tu. Kopo nimeliosha, naweka chumvi. Nilimpigia Martha simu, ameolewa Kirua Vunjo, meno yote yalishakwisha, kavaa ya bandia, meupe kuliko hata ya watoto wa mama mkubwa. Nikamweleza yote. Nikamwambia, "Haya dada, sasa wa kuletwa ni nani?" Alicheka mpaka akaomba nisubiri ayaokote meno yake, yamemwangukia mapajani.

Lile chonge niliomba nirudi nalo nyumbani. Nilifikiri nitalitunza. Halafu nikaona, mwenzake wa kushoto bado yupo, ananitosha, kila nikipitisha ulimi namkuta mama. Nikambeba kitukuu uani, nikalirusha kwa nguvu zangu zote za uzee juu ya bati. Nikasema, "Mjusi, chukua lako la kahawia, ulinipa na nimelitumia. Huyu mletee jeupe." Likagonga, kling, likabingirika kidogo, likanyamaza. Kitukuu akanyoosha mkono kule juu ya paa, anataka nirushe lingine.