Herufi A Ilipohama

Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kimepinda. Nilikivunja nikiwa mtoto kule Kigwa, kilipobanwa kati ya mchi na ukingo wa kinu, kikaunga vibaya. Kulima nililima, maji nilichota, wala hakikunisumbua. Taabu ilianza nilipopata kazi ya kupiga taipureta katika ofisi moja ya serikali mjini Tabora, miaka ile ya Ujamaa, barua za ofisi zilipokuwa zikihama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili.

Herufi A hupigwa na kidole hichohicho. Kwa Kiingereza ningevumilia, lakini Kiswahili chetu kimejaa A. Wananchi, maendeleo, madarasa! Tena kazi yangu kubwa ilikuwa kupiga orodha za kaya zilizohamia vijiji vipya. Ikifika saa sita kidole kimevimba. A zangu zilitoka hafifu, na kwenye nakala ya tatu, chini ya karatasi ya kaboni, hazikuonekana kabisa.

Mkuu wetu wa wapiga chapa alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa mjini. Siku moja aliinua nakala yangu dirishani.

"Mwanangu, hii ni barua au fumbo?"

Nikamwonyesha kidole. Nilijua nimejifukuzisha kazi. Yeye alikishika, akakigeuzageuza, akaniuliza kama kinauma hata nikilala. Nikaitika.

Jumamosi, ofisi ilipofungwa, alifunga taipureta yangu kwa kanga kwenye keria ya baiskeli, tukaikokota hadi kwa fundi mmoja jirani na soko. Alikuwa mzee aliyetengeneza saa na cherehani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa, piga chochote."

Nikapiga. Hakuitazama karatasi, alitazama vidole vyangu. Kisha akauliza, "Herufi gani huitumii sana?"

Nikafikiri. "F, labda. Nayo iko chini ya kidole cha shahada."

"Basi F iende pembeni, A ije hapo kwenye nguvu."

Sikujua kwamba jambo hilo linawezekana. Nilidhani mashine hukaa vile ilivyokuja. Mzee alipasha moto chuma cha kulehemu, akayeyusha risasi ya kulehemia, akang'oa vichwa viwili vya herufi kwenye vijiti vya chuma vinavyovibeba, akavibadilisha nafasi. Mwisho akabadilisha na vitufe vya juu. Alasiri yote ilikwisha hapo, mkuu wangu amekaa kwenye benchi akimenya karanga na kunipa.

Wiki ya kwanza nilikosea mno. Ya pili vidole vikazoea. Ya tatu nikawa namaliza orodha kabla ya chakula cha mchana, na nakala ya tatu inasomeka.

Kisha akaja karani mgeni kutoka upande wa Ziba, akaketi kwenye mashine yangu nikiwa nje. Alikuwa hodari, anapiga bila kutazama vitufe. Alipoichomoa karatasi, wananchi walikuwa wamegeuka "wfnfnchi". Akaipeleka moja kwa moja kwa bwana mkubwa wa ofisi. Huyu alitaka tumwite ndugu, lakini alipotokea mlangoni sote tulisimama.

"Nani ameharibu mashine ya serikali?"

Kabla sijajibu, mkuu wangu alisema, "Haikuharibiwa, ndugu. Ilibadilishwa, na niliyeruhusu ni mimi. Mwache apige, uone."

Bwana mkubwa akaweka mbele yangu barua ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa mkono, akasimama nyuma yangu. Nikapiga, jasho likinitiririka mgongoni. Alisoma kurasa zote, na nakala zake, taratibu.

"Basi mtu mwingine asiiguse hii," akasema. Akamgeukia mgeni: "Ndugu, tumia ile ya dirishani."

Mkuu wangu hakuwahi kulitaja tena jambo hilo. Angeweza kunyamaza tu, nami ningerudi Kigwa.

Kwa fundi nilipeleka kibuyu cha asali ya mizinga ya baba. Alionja kwa kidole, akafumba macho, akaniita nikae. Nikawa napita mara kwa mara, naye akanifundisha kushika chuma cha kulehemu, kwanza kwenye vyuma vibovu. Nilipopewa uhamisho baada ya miaka kadhaa, tuliirudisha A mahali pake pamoja, ili atakayenifuata asitaabike.

Kwenye ofisi mpya nilikuta taipureta ngeni na hakuna fundi. Nikaomba ruhusa kwanza, kwa barua. Ilipokubaliwa, niliwasha jiko la mkaa uani, nikapasha chuma cha kulehemu, nikahamisha A kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikaa imeinama kidogo upande wa kulia, lakini ilikaa.

Siku ileile nilimpigia mzee barua kwa mashine hiyo, A zote zikiwa zimeinama, kumshukuru. Majibu yake yalikuwa ya mstari mmoja: risasi niliyotumia ilikuwa nyingi mno, safari ijayo nipunguze.