Siku Nilipomfukiza Askofu

Nitawaambia, lakini mcheke polepole, maana aibu hii nimeibeba miaka, na hapa Kindu wapo ambao wakiniona bado wanakusanya nguo zao kana kwamba nakuja na moto. Mimi ndiye mwanamke aliyemfunua askofu mbele za watu, mchana kweupe. Ndiyo, mimi.

Mnaijua kazi yangu: kufukiza. Bi harusi yeyote wa mtaa wetu wa Waislamu amesimama juu ya chetezo changu, moshi wa udi ukapanda ndani ya nguo mpaka ukatokea shingoni, akanukia siku tatu (mwenye kubisha akamuulize mumewe). Wala si maharusi tu, mgeni mkubwa naye akifika tunampitishia chetezo chini ya kanzu, ndiyo heshima tuliyoachiwa na wazee wetu waliotoka pwani.

Sasa, mwaka ule, mkubwa wa kituo cha Wazungu alitaka kutuhamisha, mtaa mzima, pamoja na msikiti na makaburi ya wazazi wetu, eti ukingo wa mto anautaka kwa maghala yake. Ameshapigilia na vigingi. Tuko katika kuhangaika, ikaja habari kwamba padri mmoja amepakwa mafuta kule ziwani, amekuwa askofu, anapita Kindu kwa mtumbwi, Wakristo watamfanyia sherehe, na yule mkubwa wa kituo humsikiliza sana. Mzee Saidi, mkuu wa mtaa wetu, akaniita.

"Mama Zaina, sisi pia tutaenda kumusalimia. Mimi nitasema maneno ya mutaa, weye utaleta chetezo. Unaweka chini mbele ya kiti yake, unarudi nyuma. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Na nilisikia kweli, masikio yangu mazima, kilicho kibovu ni kichwa.

Maana siku yenyewe, jamani! Wakristo wamejenga banda la majani ya michikichi, wanaimba maneno nisiyoyajua, sauti za watu wote zinapanda kama sauti moja, nywele zikanisimama. Na askofu ameketi, kofia ndefu yenye ncha, kanzu nyeupe yenye tarizi mpaka chini, pete kidoleni, mkubwa wa kituo pembeni yake, na watu wazima wenye mvi wanapiga magoti kuibusu. Sijawahi kumwona binadamu aliyevikwa utukufu namna ile. Nikajiambia, Zaina, mtu kama huyu unamwekea chetezo mbali kama unafukuza mbu? Hapo ndipo nilipoharibu.

Zamu yetu ilipofika nikapiga magoti, nikainua pindo la kanzu yake, nikasukuma chetezo ndani.

Kuimba kukakatika. Mimi naendelea, napepea kwa mkono ili moshi upande vizuri, na ukapanda kweli, ukatokea shingoni mwake, ukaizunguka ile kofia, na wanawake wa Kikristo nyuma yangu wakapiga magoti wakidhani ni muujiza. Askofu akainama taratibu, akaniangalia huko chini. (Kiswahili alikijua, alikaa ziwani miaka mingi.)

"Mama," akasema, "umepoteza kitu humo?"

Kwa haya nikavuta chetezo haraka, kaa likadondoka, likashika tarizi. Moto! Nikaanza kupiga kwa viganja, napiga pindo, napiga kiatu, napiga mguu wa askofu, yeye anaruka, kofia inaanguka, padri mmoja anapiga kelele kwa lugha yao, na ile miguu myembamba yenye soksi iliyotoboka, Kindu nzima imeiona. Moto ulipozimika pindo lilikuwa na tundu la kupitisha kuku.

Nikamtazama Mzee Saidi ili aseme maneno ya mtaa. Mzee amefunika uso kwa kilemba. Nikaona mtaa wetu unahama kwa mkono wangu, nikatamani ardhi inimeze.

"Ulitaka nini, mama?" askofu akauliza.

Nikaangua kilio. "Baba, hii njo heshima yetu. Mugeni mukubwa tunamufukiza. Na tunakuomba, wasituhamishe. Wazazi yetu iko mu udongo pale."

Askofu akashika viganja vyangu, vimejaa malengelenge, akavitazama, kisha akamgeukia mkubwa wa kituo, akasema naye kwa lugha yao. Sikuelewa hata neno. Ila yule mkubwa aliinamisha kichwa, na wiki ile ile vigingi viling'olewa.

Mzee Saidi alinitangulia njia nzima. Tulipofika mlangoni kwangu akasimama.

"Mama Zaina, sijui nikushukuru ao nikufukuze."

Mpaka Mungu anamchukua alikuwa hajaamua. Nami nimeapa: pindo la mtu sitaligusa tena kabla hajaniruhusu, hata awe ameshuka kutoka mbinguni.