Jicho Langu kwa Jina la Dada

Kwa miaka tisa niliitikia jina la dada yangu. Pale Kawangware, katika kiwanda kidogo cha kushona yunifomu za shule, watu wawili tu ndio waliojua jina langu la kweli, na wote wawili walinyamaza kwa faida yao. Majina siandiki, sitaki kesi. Lakini nitawasema hapa, na wanaojijua watajijua.

Kitambulisho changu kiliungua Kisumu Ndogo, katika moto uliokula mstari wetu mzima wa nyumba za mabati. Nilitoka na sufuria moja na nguo za mwilini. Baada ya wiki mbili, nikiwa nimehamia Silanga, nikasikia kuna kazi ya cherehani Kawangware, ila mlangoni wanataka kopi ya kitambulisho. Kwa chifu nikaambiwa nilete karatasi za baba. Baba yangu alizaliwa bila karatasi na akazikwa bila karatasi. Basi nikafanya tulivyozoea sisi watu wa vibarua: nikaazima kitambulisho cha dada yangu mkubwa aliye nyumbani, upande wa ziwa. Sura zetu zinafanana, na yeye hakuwa anatafuta kazi popote.

Mwenye kiwanda, mzee wa hapo hapo mwenye ploti tatu za urithi, aliitazama picha, akanitazama mimi, akacheka.

"Mradi mikono ni yako," akasema.

Huyo ndiye wa kwanza.

Siku hizo tulilipwa mkononi kila Jumamosi, na jina halikuwa na uzito wowote. Uzito ulikuja serikali ilipowabana waajiri. Tukaanza kupewa payslip, kikaratasi kinachoonyesha mshahara juu, halafu mistari ya makato inashuka chini yake: mfuko wa uzeeni, bima ya afya, na baadaye ushuru wa nyumba. Nalala kwa mabati Silanga, mvua ikinyesha nahamisha godoro, halafu nakatwa pesa za ghorofa ya mtu nisiyemjua. Niliuliza nyumba zenyewe zinajengwa wapi. Nikaambiwa nitie sahihi niende.

Mitaani kwetu mtu mmoja akikatwa, wengi wanatoka damu. Kulikuwa na mama aliyeuza githeri, mahindi na maharagwe, kwenye geti la kiwanda. Tulikuwa tunakula sahani nzima, tukashuka hadi nusu, kisha tukaanza kubeba ugali baridi kutoka nyumbani. Akakunja meza yake akaenda, sijui wapi. Mdosi, yule mwenye kiwanda, naye alilia kwamba kwa kila anachotukata, na yeye analazimishwa kuongeza chake. Basi akawafuta wenzetu sita, na Jumatatu iliyofuata wakarudi kwa mlango wa nyuma wakiwa vibarua, hawana payslip wala likizo. Walikaa kwenye cherehani zile zile. Walitucheka wakati wa chakula: nyinyi wenye karatasi, hebu ichemsheni tuone kama inatoa supu. Na bei ya yunifomu ikapanda, wazazi wakaacha kununua mpya.

Tulishuku. Nani asingeshuku? Miezi ile ile makato yalipoanza, mdosi alianza kujenga ghorofa ya tatu kwenye ploti yake ya barabarani. Fundi wetu wa kukata kitambaa, mzee wa maneno machache, alisimama dirishani akihesabu mawe yanavyopandishwa. "Ile ni bima yenu inapanda ngazi," akatuambia. Tangu siku hiyo kila jiwe lilipopanda niliona ni langu.

Kitambulisho changu kipya kilikuwa kimepatikana mwaka wa tatu wa kazi, baada ya safari nyingi kwa chifu. Nilikipeleka kwa karani wa ofisi, nikamwomba abadilishe jina. Alifunga mlango kwanza. Akaniambia nikibadilisha nitaanza upya kama mgeni, mshahara wa chini, na mdosi ataulizwa alimwandikaje mtu asiyekuwepo. "Wacha tu hivyo, mama. Pesa ni pesa." Huyo wa pili. Nami nikaacha. Shule niliishia darasa la tano, nilidhani pesa inajua ilikotoka. Payslip nilizipanga kwenye mkebe wa majani chai, moja juu ya nyingine, nikaamini ule mkebe ndio hospitali yangu.

Halafu jicho la kulia likaanza kuwa na ukungu. Mwanzoni nililaumu taa. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, anaondolewa, na bima inasaidia. Kwa mshonaji hilo si jambo la kungoja. Nilikuwa nimeanza kushona kola zikienda upande, na msimamizi alikuwa ameshanionya mara mbili.

Nilienda hospitali na mkebe wangu na kitambulisho changu; cha dada nilikuwa nimemrudishia zamani. Msichana wa dirishani akabonyeza kompyuta, akasema sijawahi kuchangia hata shilingi. Nikamfungulia mkebe. Hakutazama ndani. Akasema, kwa upole hata, kwamba wao hawasomi karatasi.

Kutoka hospitali hadi Kawangware nilitembea, na njia nzima niliiona ile ghorofa ya tatu. Niliingia kiwandani saa ya kazi, cherehani zote zikiunguruma, nikamwambia mdosi mbele ya watu, "Umekula jicho langu."

Cherehani zikanyamaza moja moja. Yeye hakukasirika. Alimwita karani, karani akaleta kompyuta, na mdosi akaigeuza ili hata wenzangu waone. Kila mwezi ulikuwa umelipwa. Hakuna uliorukwa. Wote kwa jina la dada yangu.

"Mimi nimelipa," mdosi akasema. "Sasa niambie mbele ya hawa watu. Wewe ni nani?"

Kila jibu lingenifukuza. Nikisema mimi ni dada, jicho si langu. Nikisema mimi ni mimi, nimedanganya miaka tisa. Ndipo nilipoelewa kwa nini alicheka siku ile ya kwanza. Mtu wa jina la kuazima haulizi malipo ya saa za ziada. Jioni hiyo nikaambiwa nisirudi, na hata barua ya kufutwa iliandikwa kwa jina la dada.

Dada sikumpigia simu. Nilijiambia, maskini, hajui chochote, kwa nini nimtie hofu.

Sasa nashona kando ya njia Silanga, karibu na wauza makaa. Kazi ni viraka. Zile yunifomu wazazi walizoacha kununua, mimi ndiye nazitia viraka magotini, na ndizo zinazonilisha. Jicho la kulia limeshafunga kabisa. Kuchangia bima mwenyewe bila mwajiri, wanataka ya mwaka mzima kwa mara moja, na mimi riziki yangu ni ya siku kwa siku.

Mwezi wa pili tangu nifutwe, simu ikalia. Ni dada. Hakunisalimia.

"Mbona hii ya bima haijaingia?" akauliza. "Mwezi jana pia haikuingia. Umeacha kazi?"

Nikamuuliza tangu lini anajua. Akasema ujumbe huingia kwa simu yake kila mwezi. Akasema alipofanyiwa upasuaji wa tumbo hakutoa hata senti, na kwamba alimshukuru Mungu. Nikangoja aseme alinishukuru na mimi. Akarudia kuuliza kama nitapata kazi nyingine, maana mwezi ujao anatakiwa kurudi kliniki.

Huyo wa tatu. Tumbo moja, ziwa moja.

Nilikata simu. Shati la mtoto wa watu lilikuwa magotini na uzi ulikuwa umetoka kwenye sindano. Nilijaribu mara nne. Mwishowe nikamnyooshea sindano jirani yangu, mmoja wa wale wauza makaa, naye akafuta vidole kwenye leso, akanitungia uzi. Uzi ulikuwa mweupe. Ulirudi na weusi wa kidole chake, na hivyo hivyo nikashona.