Lango la Vioo Kule Handeni

Nilisafiri kwenda Handeni kwa sababu nilialikwa kulisifu jengo. Mimi ni msanifu majengo, naishi Tanga mjini, na jengo lenyewe, lango la kupokelea wageni wa hifadhi ya msitu, nilikuwa nimelichora mimi. Mkuu wa mradi alinipigia simu akasema linazinduliwa kesho kutwa, nije niwaeleze wageni jinsi linavyotunza mazingira. Nikafunga begi kwa furaha. Hasira sikutoka nayo nyumbani.

Lango hilo nililichora kwa vitu vya palepale. Kuta za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono, yasiyohitaji kuchomwa, kwa hiyo hakuna mti wa kukatwa kwa ajili ya kuni. Upenu mpana, matundu ya hewa juu ya kuta, dari ya mkonge. Paa lote likusanye mvua kwenye tangi la chini ya ardhi, na tangi liwe na mabomba mawili: moja ndani kwa ajili ya wageni, lingine nje ya uzio kwa ajili ya kijiji. Udongo ulikuwa wa kijiji, na waliofyatua matofali ni kina mama wa hapo. Maji yao wanayateka kwenye lambo ambalo ng'ombe nao hunywa humohumo. Bomba la nje ndilo lililowafanya wakubali udongo wao uchimbwe.

Nilipofika Korogwe sikuunganisha gari moja kwa moja. Nilipita kwanza Ngombezi, kwenye mashamba ya mkonge, kumwona fundi Rashidi aliyekuwa akisuka ile dari. Nilitaka tufuatane kwenye uzinduzi. Nilimkuta uani kwake, na mikeka ya mkonge imerundikwa ukutani hadi dirishani.

"Hii si ya kwangu kule langoni?" nikamuuliza.

"Ndiyo hiyo, dada. Waliniambia nisilete tena. Nilidhani wewe ndiye uliyeikataa."

"Nani alikwambia?"

"Ofisi ya mradi. Walisema mchoro umebadilika." Akanitazama vizuri. "Kumbe hujui?"

Sikujua. Alikataa kufuatana nami, akasema hana hamu ya kutazama dari ya mtu mwingine. Nikarudi Korogwe peke yangu, nikapanda gari la Handeni, na njia nzima nilikuwa nikijibishana kimoyomoyo na mtu ambaye hakuwepo.

Mchana nikashuka langoni. Upande wa mbele, unaotazama magharibi, ukuta wa udongo haukuwepo. Palikuwa na vioo kutoka chini hadi juu, na jua lilikuwa linaingia ndani bila kizuizi. Kuta zilizobaki zilipigwa plasta ya saruji na rangi nyeupe, matundu ya hewa yamezibwa, upenu umekatwa ili vioo vionekane toka barabarani. Nilizunguka upande wa nje wa uzio. Pale palipopaswa kuwa na bomba palikuwa na kifusi kipya.

Mama Zaina, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, aliniona akavuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuniita mwanangu kama zamani. "Umekuja kwenye sherehe?"

"Bomba liko wapi, mama?"

"Sisi ndio tukuulize. Wewe ndiye uliyekuja mkutanoni ukasema litakuwa hapa."

Nikamwambia ninakwenda kuuliza, naye akasema, "Nenda," kwa sauti ya mtu asiyetarajia kitu.

Mkuu wa mradi hakuwa ndani ya jengo lake. Viyoyozi vilikuwa vimezimwa, mafuta ya jenereta yanatunzwa hadi mgeni rasmi afike, na ukumbi ulikuwa wa moto kama tanuri. Nilimkuta kwenye kibanda kidogo cha udongo tulichojenga mwanzoni kama mfano, kina mama wakijifunza kufyatua. Alikuwa amehamishia humo meza yake na viti vya kikao. Ndani palikuwa na ubaridi mzuri.

"Karibu sana. Pole na safari," akasema.

Nikamuuliza kwa nini alibadilisha mchoro bila kuniambia. Akajibu kwa upole kwamba mgeni akitoka mbali anataka kuona kitu cha kisasa.

"Na bomba?"

"Fikiria mwenyewe. Mgeni anashuka garini, anakuta foleni ya ndoo langoni. Picha gani hiyo?"

"Hizo ndoo ni za watu waliokutengenezea matofali."

"Walilipwa ujira wao." Akanisogezea kiti. "Halafu, kabla sijasahau. Ninajenga nyumba yangu Korogwe. Nataka unichoree ya udongo, kama kibanda hiki. Joto la kule mke wangu haliwezi."

Niliondoka bila kukaa. Usiku Mama Zaina alinipa mahali pa kulala, nami nikamweleza alichosema mkuu wa mradi.

Siku ya uzinduzi, mgeni rasmi, mama mmoja kutoka mkoani, alikaa mbele ya vioo, viyoyozi vikinguruma. Nikaitwa nieleze jengo. Nilisema hivi: jengo hili silo nililolichora. Nilichora jengo lisilohitaji jenereta, na lenye bomba la kijiji nje ya uzio. Aliyekuwepo mkutanoni tulipokubaliana habari ya bomba ni Mama Zaina, yuko pale nyuma, anaweza kuulizwa.

Mkuu wa mradi alisimama kutaka kunikatiza. Mgeni rasmi akamwashiria akae, akamwita Mama Zaina mbele.

"Mama, mlikubaliana nini?"

"Udongo wetu, maji yetu," Mama Zaina akasema. "Udongo wameuchukua."

Mgeni rasmi akainuka akaenda kutazama kile kifusi, na umati ukamfuata. Akauliza kama tangi lina maji. Lilikuwa limejaa. Akasema hatakata utepe mpaka bomba lirudi.

Fundi bomba akaitwa. Mpira wa maji ulikuwa bado umo ardhini, waliukata tu wakauziba. Jioni, sherehe ikiwa imepooza na chakula kimepoa, maji yalitoka nje ya uzio, na ndoo zikapangwa langoni kama mkuu wa mradi alivyohofia. Mama Zaina alijaza ya kwanza. "Vioo wabaki navyo," akaniambia.

Kesho yake, nikiwa Segera narudi, niliarifiwa kwa simu kwamba lango la pili la hifadhi, ambalo nalo nilikuwa nimeahidiwa, atalichora mtu mwingine.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba watu wanaharibu majengo kama haya kwa kutojua. Kwa hiyo nilieleza, nikachora, nikaonyesha kwa mifano. Yule bwana alijua kuliko wote. Ubaridi wa udongo alijichagulia yeye na mkewe, kijiji akakiachia kifusi. Sitapoteza tena muda kumweleza mtu faida za udongo. Nitamuuliza mbele ya watu, kabla jiwe la kwanza halijawekwa: maji ya paa hili yatatokea upande gani wa uzio?