Mstari Nyuma ya Lesikar

Kwenye vikao vya chama chetu cha maji, juu ya Ngaramtoni, siku hizi hakuna anayeuliza maji yamepimwa lini. Mwenyekiti akimaliza kusema tunatazamana, kisha tunafunga kwa sala.

Aliyekuwa akiuliza ni Nalepo, mtaalamu wa maabara. Muda wote aliokaa kwenye bodi alipigania jambo moja: chemchemi ya chini, iliyo karibu na nyumba zetu, isiunganishwe kwenye bomba. Ina floraidi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na kupinda miguu yao. Tunywe ya chemchemi ya juu, alisema, hata kama ni kidogo.

Mwaka wa uchaguzi wa bodi akajitokeza kugombea kiti cha Nalepo Lesikar, mshereheshaji wa harusi na misiba yetu yote. Sijui nani alimtuma. Najua tu kwamba bomba la kutoka chini lingepita kwenye shamba lake la nyanya.

"Kura za siri za nini?" aliuliza siku ya mkutano. "Kwani tunafichana? Kila mtu asimame nyuma ya mtu wake!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilimtazama Yoeli, mume wa Nalepo. Yeye na Lesikar ni rika moja, walitahiriwa pamoja, na kwetu Waarusha mtu hamkani mwanarika mwenzake hadharani. Nusu ya wanaume pale walikuwa rika hilo. Lesikar hakuwa mgeni wa hesabu hiyo.

"Fikirieni watoto," Nalepo alisema.

"Mama Agnela," mwanamke mmoja akadakia, "Lesikar ametuzikia wazazi. Wewe umetuzikia nani?"

Kicheko. Mistari ikaanza kujipanga, na Yoeli akaenda taratibu kusimama nyuma ya Lesikar.

"Hata wewe, Baba Agnela?"

"Ningefanyaje, mke wangu? Ni rika langu."

Nalepo akakosa kiti. Kiangazi kilipofika, chemchemi ya chini ikaunganishwa. Maji ni mengi, nyanya zimestawi, Lesikar anasifiwa mpaka kanisani. Lakini kikaoni huja na maji yake ya chupa. Nilimuuliza kwa nini.

"Tumbo langu tu, ndugu yangu," alijibu, akacheka, akafunga kizibo.

Nalepo siku hizi anapima maji kwenye shamba la maua, mbali huko Usa River. Amepanga chumba huko na binti yake, Agnela. Yoeli huwatembelea Jumapili.