Njia Mbili za Kwenda Uvira

Mwaka ule mama yangu alipotaka kurudi Uvira, mimi nilisafiri kuliko watu wote wa nyumba yetu, na sikutoka kwenye kiti cha cherehani. Nikishona mkono wa blauzi nilikuwa mpakani Beitbridge. Nikikunja pindo nilikuwa nimeshaingia Zambia. Huko Zambia ndiko njia ilikogawanyika, na huko ndiko nilikokwama, sindano inapiga, kichwa kinauma, siendi mbele wala sirudi nyuma.

Sababu ya safari ilikuwa moja. Dada yake mama, mama mkubwa wangu, alikuwa anaumwa kifua kule Uvira, na kila walipopigiana simu pumzi yake ilikuwa fupi kuliko mara iliyopita. Walizaliwa wengi, wakabaki wao wawili. Mama alikuja Johannesburg kunisaidia kulea, na sasa watoto walikuwa wamekua, bibi anawasemesha Kiswahili wao wanamjibu Kiingereza. Alitaka jambo moja tu, amkute dada yake hai. Alilisema jikoni akichambua sombe, majani ya muhogo, akaendelea kuchambua.

Ndege hatukuiweza. Zilibaki njia mbili za chini. Ya kwanza ilikuwa kuendesha pikapu ya mume wangu mwanzo mpaka mwisho: Zimbabwe, Zambia, kuingia Tanzania kwa Tunduma, Sumbawanga, kupanda hadi Kigoma, kukata Burundi, na kuteremka Uvira. Ya pili ilikuwa kuiacha barabara kuu huko Zambia, kwenda bandari ya Mpulungu kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, na kupanda meli ya mizigo inayopeleka saruji na sukari Kongo. Barabara ni ndefu lakini unaiona. Meli inafupisha, ila haina ratiba. Inaondoka ikijaa, na siku ya kujaa kwake anaijua nahodha na Mungu.

Mume wangu ni mlinzi wa jengo moja Doornfontein. Kutwa anawafungulia geti watu wenye magari, na jioni akirudi kwetu La Rochelle anaifuta pikapu yake hata kama haina vumbi. Alisema barabara. Mimi nilisema meli, kwa kuwa nilikuja kusini kwa njia hiyo nikiwa msichana, nimelala juu ya mifuko ya saruji, natapika mpaka nikakosa cha kutapika, lakini nikafika. Tulibishana vizuri tu, kama watu waliooana miaka mingi. Ila nina kasoro moja ambayo mume wangu huitaja hata mbele ya wageni: mtu akishanikubalia jambo, naanza kulionea shaka jambo lenyewe. Alipokubali meli, nikaanza kuota mawimbi. Akarudi kwenye barabara, nami nikaanza kuwaona askari wa barabarani, matope, gurudumu limepasuka porini na mama amekaa juu ya jiwe.

Chumba cha nyuma ya ua alipanga kaka mmoja wa Tanga, muuza mikanda na kofia kule Marshalltown. Yeye alikuwa wa barabara, amepita Tunduma mara nyingi, anajua hata mahali pa kula wali. Alinivumilia wiki nzima nikimuuliza swali lile lile kwa maneno tofauti, mwisho akaweka kikombe chini.

"Dada, fisi njia mbili zilimshinda," alisema. "Na fisi hakuwa na mizigo."

Mizigo ndiyo ilikuwa kosa letu. Kwetu sisi mtu anayekwenda nyumbani si wa kwake peke yake. Anakwenda kwa niaba ya wote, na kila mmoja ana haki ya kumpa kitu cha kupeleka. Mwenye akili huondoka kimyakimya, au husema akiwa ameshajua anapita wapi. Sisi tulimwachia mchungaji amsimamishe mama ibadani, aombewe, kabla hatujajua anapita wapi. Kanisa zima likapiga makofi. Kabla jua halijazama, ua wetu ulikuwa umeshapokea blanketi, sufuria, beseni la kuogeshea mtoto, suti ya harusi, mawigi, na viatu vya mtu ambaye hakuna aliyeweza kuniambia ni nani.

Kila furushi lilikuja na njia yake ndani. Wenye ndugu Moba, Kalemie na Baraka walitaka mama apande meli, maana meli hutia nanga huko. Wenye ndugu Sumbawanga, Kigoma na Bujumbura walitaka barabara. Wakagawanyika makundi, watu wa maji na watu wa barabara, wakawa wanabishania kwenye ngazi za kanisa kana kwamba mama ni posta. Watu wa maji walinong'ona kwamba pikapu ya mume wangu imechoka. Watu wa barabara waliapa kwamba meli zile zinazama zikiwa bado bandarini. Mimi niliwasikiliza wote na kuwaamini wote. Chumba cha mama kilijaa mpaka akawa anapanda kitandani kwa upande wa miguuni.

Mchungaji alisema tufunge na kuomba kwanza, haraka haraka haina baraka. Mama alimjibu akiwa ameinamia sahani yake, kwa sauti ya kawaida, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Najua, ningemsikiliza badala ya kumkanyaga.

Mwishowe barabara ilishinda. Sababu ilikuwa ndogo: kaka wa Tanga alipata mtu wa kutupokea Tunduma. Mume wangu akaomba likizo kazini, akabadilisha plagi, akabadilisha mpira wa maji, akabadilisha na vitu ambavyo havikuwa na tatizo. Mizigo ya watu wa barabara ikapangwa nyuma, turubai likafungwa. Jumapili hiyo tulikubaliana twende kanisani na pikapu ikiwa imepakiwa vile vile, tuone inavyobeba.

Pikapu yetu ina viti vya mbele tu. Mume wangu alifungua mlango wa abiria, akakung'uta kiti kwa mkono, akasimama kando akitazama chini. Mama alikuja na kitenge chake cha Jumapili, akaupita mlango ule kama haupo, akaenda nyuma, akaomba kigoda, akapanda juu ya mizigo. Majirani walicheka, wakasema bibi anapenda hewa. Nikapandwa na hasira. Nilimwambia ashuke, atachafuka, watu wanatutazama.

"Niko muzuri," alisema, kisha akaongeza, ananisemesha mimi na macho yake yako kwenye geti: "Mwambie mukwe aendeshe."

Mukwe alikuwa amesimama hapo hapo, kopo la maji lingetosha kuwatenganisha. Nikamwambia endesha. Akaendesha.

Tulisimama kwenye roboti, taa za barabarani zikiwa nyekundu, nikageuka kutazama kupitia kioo kidogo cha nyuma, nikamwona mama ameshika kilemba chake kwa mikono miwili, amenipa mgongo. Hapo ndipo nilipoelewa, na niliona haya mpaka masikio yakawaka. Kwetu mkwe ni mkwe. Miaka yote ile mama hakuwahi kula chakula mume wangu akiwa mezani. Yeye naye alikuwa akikohoa uani kabla hajaingia ndani, ili mama apate muda wa kuinuka na kwenda jikoni. Sahani zilipita kwa mikono ya watoto, na salamu zilipita kwangu. Hawakugombana hata siku moja, na hawakupata kugusana mikono. Hiyo ndiyo heshima, na mimi nilikuwa nimeizoea kiasi cha kutoiona. Nilikuwa nimewaza mipaka, matope, askari na mafuta, na sikuwaza kiti. Siku nzima bega kwa bega, usiku kulala ndani ya kibanda hicho hicho cha pikapu, na porini mama amwambie nani kwamba anataka kwenda haja.

Tuliporudi nilimfuata mume wangu bombani alipokuwa ananawa. Nikamuuliza kama alijua. Alinawa mikono muda mrefu.

"Mimi ningeendesha mpaka Uvira bila kugeuza shingo," alisema. "Na yeye angekaa bila kunywa maji, ili asiniombe nisimame."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akajibu kwamba mwanaume akikataa kumbeba mama mkwe wake, kwao wataimba wimbo. Toka siku ya kwanza alikuwa anaomba meli ishinde, na kila alipoibadilisha plagi alikuwa anasubiri nibadilishe mawazo kama kawaida yangu. Na safari hiyo moja, eish, nilikuwa nimeng'ang'ania.

Mtu mwingine angepumzika hapo. Mimi nilianza upya. Nilipanga nikae katikati yao, mimi niwe ukuta. Lakini nilikuwa na nguo za harusi za watu, na watoto je? Nikapanga mume aendeshe na kaka wa Tanga, mama apande basi nyuma yao, wakutane mpakani. Nikapanga meli, nikaanza kuwapigia simu watu wa Mpulungu ambao sikuwajua, mmoja akisema meli ipo, mwingine akisema imeondoka jana, wa tatu akisema meli gani. Nililala nikiwa nimechoka na kuamka nikiwa nimechoka zaidi. Mizigo ya barabara ilishushwa, ya maji ikapakiwa, kisha nikaamuru ishushwe yote. Mchagua jembe si mkulima, na mimi nilikuwa nimeyashika majembe yote mawili na shamba limeota magugu.

Halafu binamu yangu alipiga simu kutoka Uvira. Mama mkubwa hawezi tena kukaa bila kuegemezwa.

Nilikaa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, mkono mmoja umeshika simu niwatafute tena wale wa Mpulungu. Mama aliingia, akaweka kiganja juu ya gurudumu la mashine, ikasimama.

"Mama," aliniita, kwani nimebeba jina la mama yake mzazi na hajawahi kuniita vingine. "Dada yangu hakuniomba nikuye na pikapu. Hakuniomba nikuye na meli. Aliniomba nikuye."

Kuja tu, kwa chochote, na mimi nikaanza kueleza habari za meli. Akatikisa kichwa.

"Weye unaona njia, unaziona zote muzuri. Miye naona kifua yake."

Kesho yake tulimpeleka kwenye mabasi ya Zambia. Alibeba begi moja, vitenge, mkate na mayai ya kuchemsha. Furushi hata moja la kanisa hakulichukua, na nilipomsihi achukue walau yale mawigi mepesi, alinitazama vile alivyokuwa akinitazama utotoni nikitaka kubebwa wakati najua kutembea. Mume wangu alisimama mbali kidogo, mkono kifuani, kichwa ameinamisha. Mama akaniambia nimwambie mukwe Mungu amubariki. Alikuwa amesikia mwenyewe, lakini nilimwambia. Kisha basi likaondoka, nami nikabaki nimeshika kifuniko cha chupa yake ya maji.

Nilipata ujumbe akiwa Lusaka, kwa simu ya abiria mwenzake. Nikapata mwingine kwamba amefika Mpulungu. Baada ya hapo kimya. Sikuweza kukaa. Nilishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, nikaufumua, nikaurudishia pale pale. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Watu wa maji walikuja kwanza, wanachekelea kwamba wameshinda, mpaka walipoviona vifurushi vyao kwenye veranda. Watu wa barabara wakafuata. Walichukua vitu vyao midomo imewavimba, na mama mmoja akaniuliza kama huko Uvira tunakwenda kuficha kitu. Nilimjibu vibaya, wala sijutii. Kaka wa Tanga ndiye pekee aliyeacha mizaha. Kila jioni alisimama mlangoni na kofia zake, akauliza kama kuna habari. Niliogopa. Niliogopa ziwa, na nilimwogopa zaidi mama mkubwa, kwamba atachoka kusubiri.

Simu ililia siku niliyokuwa nampima bibi harusi, amesimama juu ya stuli, mimi nimepiga magoti na pini mdomoni. Ilikuwa sauti ya mama. Alisema amefika. Nikamuuliza kwa meno yaliyofungwa alipanda meli ipi, alilala wapi, mawimbi yalikuwaje. Akasema meli ilikuwa inapakia, akapanda. Nikauliza tena. Akasema ngoja, kuna mtu anataka simu.

Kwanza ilikuja pumzi. Niliisikiliza ikipanda na kushuka, na sikuthubutu kuikatiza. Kisha mama mkubwa akasema, neno moja moja, kila neno likingojewa:

"Mama, aksanti. Ulimutuma mbiyo."

Nilizitema pini mkononi. Bibi harusi alikuwa ananitazama kutoka juu, simu ilikuwa bado inapumua sikioni, na mimi nilikuwa nahesabu siku nilizomchelewesha mama.